Miaka 18 natengeneza friji Mbauda, sijawahi kuona barafu ikiota pembe. Huyu mpwa wangu ananidanganya?

#1 Fundi Ubaridi
Wakuu, habari za jioni. Nina mpwa wangu anasoma uinjinia, yuko likizo hapa kwangu Mbauda, Arusha. Jana usiku nasikia kompyuta yake inanguruma kama kompresa inayokata roho. Namuuliza unafanya nini, ananiambia anaigiza barafu inavyogandia kwenye bawa la ndege likiwa angani. Haya. Akanionyesha: bawa limekatwa kwa ubavu kama kipande cha samaki, na pale mbele pameota barafu yenye PEMBE MBILI, moja juu, moja chini, kama beberu.

Nikamwambia hiyo programu yako ni mbovu. Barafu naijua kuliko ninavyomjua mama mkwe wangu. Inafuata bomba, inanenepa kote kote, au inaanzia pale gesi inapoingilia kwenye evapoleta, yale mabomba ya baridi ya ndani. Pembe? Hapana. Leo asubuhi kairudia, kakata muda katika vipande vidogo zaidi, ikatoka pembe moja! Bawa lile lile, baridi ile ile. Sasa ipi ndiyo barafu ya kweli? Au tunalipa ada watoto wakacheze gemu?

#2 Nyundo Nyepesi
Uzi bila picha ni batili. Tuone hizo pembe.

#3 Chalii wa Sakina
Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, kwa R Chuga hii barafu ninayoijua mimi ni ya ukwaju, ile ya kwenye kimfuko. Hizo ndege zinagandia wapi na jua hili?

#4 Ticha wa Majengo
#3 jua liko chini huku tulipo. Piga hesabu na mimi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, uko kama mita 890 juu ya usawa wa bahari. Tuseme leo pale ni nyuzi 25. Kila ukipanda kilomita moja joto linashuka kama nyuzi 6.5. Ukifika mita 4,700 hivi umeshagusa sifuri. Ndege za mapanga zinazotoka Dar zinaweza kupita juu ya hapo, na miezi ya masika mawingu yamejaa tele. Kwa hiyo barafu ipo, dakika chache kutoka kwenye ndizi zetu.

#1 mkuu, friji yako na wingu ni vitu viwili. Kwenye friji, mvuke ulio hewani unagusa bomba baridi na kuganda hapo hapo. Ndiyo maana barafu inanenepa kote kote. Kwenye wingu kuna matone ya maji kabisa, madogo sana, yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda kwa sababu hayajapata pa kushikia. Maji safi ya tone dogo yanaweza kushuka hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri yakiwa bado maji. Bawa likija kwa kasi na kuyagonga, yanaganda.

#5 Fundi Ubaridi
Dada ticha, maji ya nyuzi 10 chini ya sifuri ambayo bado ni maji? Hapo umeniacha njia panda.

#6 Mangi wa Soda
#5 fundi na wewe! Hujawahi kutoa soda kwenye friza, iko maji kabisa, ukifungua tu inageuka uji wa barafu mkononi? Ndiyo hiyo. (Kwenye soda gesi nayo inachangia, msije kunirukia.)

#7 Fundi Ubaridi
#6 hiyo nimeiona mara mia, kumbe ndiyo hiyo. Sawa, maji nimekubali. Pembe bado.

#8 Mguu wa Kibo
Mimi napandisha wageni njia ya Machame, mwaka wa kumi na moja huu. Niwaambie ninachokiona. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, angalia ilivyokaribia hesabu ya ticha #4. Usiku wa ukungu na upepo, mawe na kamba za hema vinaota barafu nyeupe kama manyoya ya kuku. Na manyoya hayo HAYAELEKEI upepo unakokwenda. Yanaota kuufuata upepo unakotoka, kama ulimi uliotolewa. Kibao cha kileleni Uhuru nimekikuta mara nyingi upande mmoja una ndevu za kiganja kizima na upande wa pili ni mkavu. Kwa hiyo barafu kuwa na umbo mimi sishangai.

#9 Nyundo Nyepesi
Barafu inatembea kinyume na upepo. Hii chai ina tangawizi.

#10 Mguu wa Kibo
#9 wewe hata geti la Machame hujalifika. Njoo upande na mgongo huo wa kukaa, halafu urudi hapa kuandika.

#11 Ticha wa Majengo
#8 yuko sahihi, #9 acha uvivu. Tone linaletwa na upepo, likigonga jiwe linaganda pale pale lilipogonga. Linalofuata linagonga mgongo wa lile la kwanza. Kwa hiyo kinachokua kinaelekea kule matone yanakotoka. Hiyo ni barafu nyeupe, ya baridi kali na maji kidogo.

Pembe ni hadithi nyingine, na hapa fundi utanielewa kuliko wote kwa sababu ni mambo ya ufundi wako. Kilo moja ya maji ikiganda inatoa joto la kilojuli 334. Kuipasha kilo hiyo hiyo nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Sasa chukua tone la nyuzi 4 chini ya sifuri. Likianza kuganda, joto linalotoka linalipandisha lenyewe hadi sifuri. Baridi iliyokuwemo ndani yake inatosha kugandisha kama asilimia 5 tu. Asilimia 95 inabaki maji, inangoja upepo uje uchukue joto. Ili tone lote ligande papo hapo lingepaswa kuwa nyuzi 80 chini.

Basi maji yanayobaki yanateleza juu ya bawa yakitafuta pa kugandia.

#12 Fundi Ubaridi
Ticha, hapo umenigusa. Hilo joto la kuganda ndilo linaloua makompresa ya akina mama wauza barafu: wanajaza friza maji ya uvuguvugu, mashine inazunguka siku nzima haipumziki. Kumbe bawa nalo linahitaji kompresa, na kompresa yenyewe ni upepo. Endelea, maji yanateleza, yanagandia wapi?

#13 Ticha wa Majengo
Pale upepo unaponyang'anya joto haraka zaidi. Pua ya bawa hewa inaigonga na karibu isimame. Pembeni kidogo, juu na chini ya pua, hewa inakimbia na kuanza kuvurugika, inapoza zaidi. Maji yanagandia hapo mabegani. Ukishapata kibonge kidogo begani kinachomoza kwenye upepo, kinadaka matone zaidi na kinapozwa zaidi. Mwenye nacho huongezewa. Pembe hiyo.

#14 Mzee wa Hanga
Vijana hamjambo. Ticha anaeleza vizuri lakini mnaongea kama barafu inasoma vitabu. Mimi nimekuwa fundi wa ndege zaidi ya miaka thelathini, mingi hapa uwanja wa ndege wa Kisongo. Barafu niliyopambana nayo zaidi haikuwa ya bawa hata kidogo, ilikuwa ya kabureta, pale injini inapochanganyia petroli na hewa. Ndege ndogo ya pistoni, joto la nyuzi 20 juu ya sifuri hapa ardhini, hewa ina unyevu baada ya mvua, rubani anapunguza mafuta ajiandae kutua, injini inakohoa. Petroli inapogeuka mvuke na hewa inapobanwa kwenye koo la kabureta, joto ndani linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Barafu inaziba koo. Ikishatua tunafungua, hakuna kitu, imeyeyuka. Ushahidi umejifuta wenyewe. Kijana mmoja alibadilisha plagi mara tatu kabla sijamwambia avute ile hendeli ya hewa ya moto.

Kompyuta ya mpwa imeiona hiyo?

#15 Fundi Ubaridi
Shikamoo mzee. Hiyo ya kabureta ni friji mtupu! Kimiminika kinapita penye tundu jembamba, kinageuka mvuke, kinakula joto. Kumbe injini ya pistoni ni jokofu linalopaa.

#16 Mzee wa Hanga
Marahaba. Ndiyo hivyo.

#17 Dereva wa Holili
Barafu ya bawa inaua, tusicheze. Kuna ile ndege ya abiria ya mapanga, ATR, iliyoanguka Chicago mwaka 1996 kwa sababu marubani walisahau kuwasha hita za mabawa.

#18 Mchaga Trondheim
#17 kaka, sahihisha. Ilikuwa 31 Oktoba 1994, na ilianguka Roselawn, jimbo la Indiana. Chicago ndiko ilikokuwa inakwenda, ikazungushwa angani kusubiri zamu ya kutua. Watu 68 walifariki. ATR 72 haina hita ya bawa zima, ina mipira kwenye ukingo wa mbele inayojazwa hewa kuvunja barafu, na haikuwa suala la kusahau. Matone ya wingu lile yalikuwa makubwa kuliko yale ambayo sheria za wakati huo ziliyafikiria. Sheria zilikuwa zinaishia kwenye matone ya mikroni 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Tone kubwa linagonga nyuma zaidi, na maji yakaganda nyuma ya mipira, yakajenga tuta. Tuta lile likavuruga hewa mbele ya eleroni, kile kibawa cha nyuma ya bawa kinacholaza ndege upande, usukani ukajivuta wenyewe. Sheria ya matone makubwa Marekani ilikuja kutoka mwaka 2014, miaka ishirini baadaye.

Sasa fundi, hapo ndipo umuhimu wa mpwa wako ulipo. Huwezi kumtuma rubani aende kutafuta kila wingu baya duniani. Unaigiza kwanza.

#19 Dereva wa Holili
#18 asante kwa sahihisho, nilisikia kwa abiria wangu. Na ile ya Wafaransa iliyozama baharini 2009? Barafu ya bawa pia?

#20 Mchaga Trondheim
Hapana, ile ni tofauti kabisa. Air France 447, tarehe 1 Juni 2009, watu 228. Pale zilikuwa fuwele za barafu tayari, juu sana, zikaziba vijibomba vya kupimia kasi. Kompyuta ya ndege ikakosa kujua kasi, marubani wakachanganyikiwa. Bawa lilikuwa safi.

#21 Chalii wa Sakina
Mchaga wa Trondheim huko unafanya nini, unauza mbege?

#22 Mchaga Trondheim
Ningepata ulezi ningeuza. Nipo kwenye mambo ya mitambo ya upepo. Nayo inagandia vile vile, panga linapoteza umbo, umeme unashuka. Huku barafu si ya ndege peke yake. Meli ndogo za uvuvi zinarushiwa mawimbi, maji yanagandia juu kwenye milingoti hadi meli inakuwa nzito kichwani na kupinduka. Treni zinakusanya theluji kwenye magurudumu. Hata magari: taa za zamani zilikuwa na joto, zinayeyusha theluji zenyewe. Hizi za LED hazina joto la kutosha mbele, theluji inashika kioo, unaendesha kama kipofu. Watengenezaji wanaigiza hayo yote kwenye kompyuta siku hizi, pamoja na kamera na vihisio.

#23 Nyundo Nyepesi
Kwa hiyo bodaboda wa Ngaramtoni saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba naye aigizwe. Yule ndevu zake zinaotaga sakitu.

#24 Mpwa Mwenyewe
Habari zenu. Mjomba kanipa simu yake nisome, kisha kaniamuru nijiunge nijitetee. Mimi ndiye mwenye pembe.

Kinachofanyika ni hiki. Kwanza unahesabu hewa inavyopita juu ya bawa. Pili unarusha matone ndani ya hewa hiyo, unaona yapi yanapinda na hewa na yapi yanashindwa kupinda yakagonga. Tone dogo ni kama mtu wa bodaboda kwenye foleni, linapenya. Kubwa ni lori, kona linaikosa. Tatu unapiga mahesabu ya joto kila kipande cha uso: maji yaliyoingia, yaliyoganda, yaliyoteleza kwenda kipande cha jirani. Hesabu hiyo ya mizani ya joto aliiandika Messinger mwaka 1953 na programu nyingi bado zimesimama juu yake. Nne, unaongeza unene wa barafu, umbo la bawa linabadilika. Unarudi mwanzo.

Bawa langu ni la umbo la kawaida la majaribio, NACA 0012, upana sentimita 53 toka mbele hadi nyuma, kasi mita 67 kwa sekunde, nyuzi 4 chini ya sifuri, matone ya mikroni 20, gramu moja ya maji kwa mita ya ujazo, dakika sita. Mara ya kwanza nilifanya hatua moja tu kwa dakika zote sita, yaani barafu yote imegandishwa kwa kutumia hewa ya bawa safi. Ndizo pembe mbili. Mara ya pili nilikata hatua kumi, hewa ikahesabiwa upya kila mara. Pembe ya chini ikafa. Nadhani ya pili ndiyo ya kweli lakini siwezi kuapa.

#25 Ticha wa Majengo
Kijana karibu. Naona jambo jingine kabla hujalaumu hatua. Kasi ya mita 67 yenyewe inapasha pua ya bawa kama nyuzi 2, kwa hewa kubanwa tu. Umeweka nyuzi 4 chini, pua yako inaiona 2 chini. Hapo uko kwenye ukingo wa wembe, nusu nyuzi ya makosa inabadilisha umbo lote. Ungekwenda mita 102 kwa sekunde, pua ingekuwa juu ya sifuri na huenda isingeganda. Jaribu nyuzi 10 chini uone kama hatua moja na hatua kumi bado zinagombana.

#26 Mchaga Trondheim
Mimi namshuku msasa. Mpwa, umeweka ukwaruzo gani wa uso? Barafu changa ina chunusi, na chunusi ndizo zinazoamua joto linaondoka kwa kasi gani. Programu nyingi hazihesabu chunusi, zinakisia uso kana kwamba umebandikwa punje za mchanga za ukubwa fulani. Ukibadilisha punje, pembe inahama. Hatua zako kumi zinaweza kuwa hazina hatia.

Na usijione mjinga. Mwaka 2021 AIAA, chama cha wahandisi wa anga cha Marekani, kiliendesha warsha ya kulinganisha programu hizi. Makundi yalipewa hali zile zile, yakaleta maumbo yanayotofautiana waziwazi.

#27 Mzee wa Hanga
Mmesema matone ya mikroni 20. Wingu gani hilo lenye matone ya saizi moja kama risasi za kiwandani? Wingu lina madogo na makubwa kama mahindi ya gunia. Hapo ndipo pembe ya chini ilipofia.

#28 Mpwa Mwenyewe
#27 mzee ni kweli, 20 ni ya katikati tu, nimetumia saizi moja kuokoa muda. Kompyuta yenyewe ni ya mkono wa pili, hatua kumi zilikula usiku mzima, na Luku ya mjomba.

#29 Fundi Ubaridi
Na hapo kwenye Luku tutaongea wawili.

#30 Mama Kiboriloni
Samahani kuingilia. Friji yangu ya milango miwili, ile isiyoganda, sasa inaganda nyuma hadi juu haipoozi. Ni gesi?

#31 Fundi Ubaridi
#30 mama si lazima gesi. Ile ina hita ndogo inayowashwa kwa muda kuyeyusha barafu ya evapoleta. Ikiungua hita, au kile kihisio chake, au taima, barafu inajaa, feni haivuti hewa. Angalia na mpira wa mlango. Zima siku nzima iyeyuke; ikipooza vizuri kisha ikarudi baada ya wiki, ni hita au kihisio.

#32 Mzee wa Hanga
Umeona #31? Ndicho ndege inachofanya. Jeti inachukua hewa ya moto ya injini inapasha ukingo wa bawa. Tofauti yako na yake, wewe ukichelewa nyama inaoza.

#33 Fundi Ubaridi
Wakuu nimechoka kubishana na mtoto mwenye michoro. Kesho nafanya la kwangu. Nina friza la kulala la mteja, linashuka hadi nyuzi 18 chini. Nalaza kipande cha bomba la PVC la nusu inchi, naweka feni ya no-frost mbele yake, napuliza maji kwa chupa ya kinyozi. Tuone pembe.

#34 Ticha wa Majengo
Fundi, maji ya chupa yakitoka yako nyuzi 20 juu. Kwenye friza yanasafiri nusu mita, yatafika kwenye bomba bado vuguvugu. Kule Cleveland, Marekani, NASA wana handaki la upepo la barafu lililojengwa 1944, na matone yanapewa umbali na muda wa kupoa kabla ya kugonga. Angalau weka maji ya barafu ndani ya chupa.

#35 Fundi Ubaridi
MATOKEO. Jaribio la kwanza, nyuzi 18 chini: pua ya chupa iliganda baada ya kupuliza mara nane, nikaipasha kwenye kwapa. Barafu imeota upande wa feni tu, nyeupe, imechongoka kama mdomo wa bata. Nyuma kukavu. Mguu wa Kibo, nakuomba radhi, manyoya nimeyaona.

Jaribio la pili, nimepandisha hadi kama nyuzi 3 chini. Barafu imekuwa ya kioo, maji yakateleza, na juu kidogo ya pua pameota kitu. Mimi nakiita uvimbe. Mpwa anakiita pembe. Upande wa chini hakuna, maji yamedondoka tu.

#36 Mpwa Mwenyewe
Ni pembe.

#37 Mzee wa Hanga
Upande wa chini yamedondoka kwa sababu feni yako ni ya kupepea inzi. Kwenye mita 67 kwa sekunde maji hayadondoki, yanasukumwa nyuma. Hamjathibitisha kitu.

#38 Mchaga Trondheim
Na bomba la nusu inchi si bawa, kitu chembamba kinadaka matone mengi zaidi kwa eneo lake. Lakini nimefurahi. Mpwa, igiza hilo bomba lenyewe sasa, kasi ya feni na joto la friza, ulinganishe.

#39 Mpwa Mwenyewe
Nimeshaanza. Mjomba kaniambia niifanye mchana, umeme wa jirani.

#40 Nyundo Nyepesi
Picha ya uvimbe iko wapi?

#41 Fundi Ubaridi
Nilikuwa napiga kwa mkono mmoja na kupuliza kwa mwingine, simu ikatumbukia ndani ya friza. Nimeiweka kwenye mchele. Hapa natumia ya mpwa.

#42 Mguu wa Kibo
Mimi nakwea Alhamisi na kundi la watu saba. Nikikuta kibao kina ndevu nitawaletea picha, na nitapima kwa rula.

#43 Mama Kiboriloni
Fundi, nimezima siku nzima, imepooza vizuri. Hita ni bei gani, na unafika Moshi?